Mstaafu wa Ulaya anatafuta nyumba Pwani: yeye atakaa miezi minne, mkataba ni wa miaka 99

Kaskazi ikianza kuvuma mwezi wa Desemba, wageni huongezeka katika pwani ya Kenya, kuanzia Diani hadi Watamu na Malindi. Wengi ni watalii wa wiki moja au mbili. Lakini kati yao kuna wazee waliostaafu kazi ambao hawakuja kuogelea tu. Wanauliza hospitali iko umbali gani, maji hukatika mara ngapi, na kiwanja karibu na bahari ni bei gani. Hao wanatafuta nyumba ya kukimbilia baridi ya kwao kila mwaka.

Wasikilizaji wetu wanaoishi karibu na ufuo huliona jambo hili kwa upande wa pili. Dalali anabisha hodi jioni, anakaribishwa kiti, kisha anauliza: "Hili shamba la marehemu mzee, hamna mpango wa kuliuza?" Katika makala hii tunaeleza wazee hawa wanatafuta nini, sheria inawaruhusu nini, na familia yenye shamba ijue nini kabla ya kumjibu dalali.

Kwa nini wanakuja

Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, baridi kali huanza Novemba na kuendelea hadi Machi. Mwezi wa Desemba mjini Berlin, jua huzama saa kumi jioni. Njia hufunikwa na barafu, na mzee akiteleza akavunjika nyonga huenda asitembee vizuri tena. Kupasha nyumba joto nako ni gharama. Kwa hiyo mstaafu hupiga hesabu: badala ya kufungiwa ndani miezi minne, kwa nini asiipitishe mahali penye jua?

Pwani ya Kenya imo katika hesabu hiyo kwa muda mrefu. Waitaliano walianza kuizoea Malindi miaka ya 1960, Italia ilipojenga kituo cha kurushia roketi cha San Marco huko Ngomeni. Mwaka 1967 setilaiti ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini. Baadaye zikafuata hoteli, mikahawa na nyumba za watu binafsi. Mmoja alimwita mwenzake, na leo Malindi utakuta wauza vinyago na madereva wa tuktuk wanaozungumza Kiitaliano bila kukwama.

Mgeni mwangalifu hapeleki pesa upesi. Kwanza hupanga nyumba mwezi mmoja au miwili. Kisha hurudi mwezi wa Mei, wakati wa masika, aone kama barabara inapitika na kama paa linavuja. Huonja maji ya kisima ajue kama yana chumvi. Huuliza kuhusu umeme, intaneti, usalama, na nani atailinda nyumba miezi minane ambayo hatakuwepo.

Si wote wenye pesa za kumwaga

Madalali hupenda kusema mzungu ana pesa haziishi. Tuangalie sheria za uhamiaji. Mgeni wa kawaida huruhusiwa kukaa Kenya hadi siku 90. Anayetaka kukaa zaidi bila kufanya kazi huomba kibali cha daraja la K. Ni lazima awe na umri wa miaka 35 au zaidi, na athibitishe kipato cha uhakika, kama pensheni, kisichopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Hiyo ni dola 2,000 kwa mwezi. Ni pesa nyingi kijijini, lakini kwao ni kipato cha mtu wa kawaida.

Mwingereza ana hesabu nyingine tena. Akihamia Kenya moja kwa moja, pensheni yake ya serikali haipandishwi kila mwaka kama ya wenzake waliobaki nyumbani. Kwa hiyo ana sababu ya kubaki mkazi wa Uingereza na kuja huku kwa msimu tu. Ndiyo maana nyumba nyingi za ufuoni hufungwa madirisha kuanzia Aprili hadi karibu mwisho wa mwaka.

Sheria ya ardhi inasemaje

Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele. Anaweza kuikodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata mkataba ukiandikwa kwamba amepewa miaka 999, mbele ya sheria ni miaka 99.

Hapo wengi hujidanganya. Husema, "Basi tumuuzie, baada ya miaka 99 shamba litarudi kwa wajukuu." Sivyo. Katiba ilipoanza kutumika mwaka 2010, ardhi ya umiliki wa kudumu iliyokuwa mikononi mwa wageni ilirudi kwa taifa, nao wakapewa mkataba wa miaka 99. Haikurudi kwa familia zilizoiuza zamani. Ukiuza, umeuza.

Kwa ardhi ya kilimo iliyo nje ya mipaka ya mji, sheria ni kali zaidi. Mauzo, na hata kukodisha, huhitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na bodi hutakiwa kukataa kama anayechukua si raia, isipokuwa Rais atoe msamaha maalumu. Bila idhini, mapatano hayo ni batili kisheria, na aliyelipa anaweza kudai pesa zake kama deni. Sasa fikiria familia iliyokwisha kupokea malipo, ikalipa karo, ikaezeka nyumba, ikanunua bodaboda. Deni likidaiwa, italipwa kwa nini?

Ili kuikwepa sheria, wapo wanaotafuta jina la kuazima. Mgeni hutoa pesa, na hati huandikwa kwa jina la rafiki, mchumba au mlinzi. Wengine hufungua kampuni na kumpa Mkenya hisa nyingi. Katiba imeliona hilo pia: kampuni huhesabiwa ya raia pale tu hisa zote ni za raia, na ardhi anayoshikilia raia kwa niaba ya mtu mwingine huhesabiwa ya raia pale tu wanaofaidika nayo wote ni raia. Mpango wa jina la kuazima huwaumiza wote wawili. Aliyeazima jina akifariki, watoto wake huja na hati mkononi, na mzee wa Ulaya hujikuta ni mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Jirani zetu nao wana masharti yao. Tanzania Bara, sheria za ardhi za 1999 haziruhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na nyumba ya kupumzikia uzeeni si uwekezaji. Zanzibar, ardhi ni mali ya umma, na mgeni anayetaka makazi huelekezwa kwenye nyumba za miradi iliyoidhinishwa na serikali, kama mji mpya wa Fumba.

Wasio na hati ndio walio hatarini zaidi

Pwani ina jeraha la zamani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili ardhi ya mwambao. Wengi, hasa Wamijikenda, hawakusajiliwa, na mashamba waliyoyalima yakaandikwa kuwa ya wengine au ya serikali. Hadi leo, Kilifi na Kwale zina familia zilizozika mababu mahali ambapo kisheria zinaitwa maskwota.

Familia kama hiyo haiwezi kumuuzia mgeni, lakini inaweza kuhamishwa kwa sababu yake. Mwenye hati anayeishi mbali, ambaye hakuwahi kulijali shamba, hukumbuka kwamba analo pale bei inapopanda. Kwa hiyo mkiona wapimaji na vigingi karibu na kwenu, msisubiri tingatinga. Nendeni ofisi ya usajili wa ardhi mkaombe kuonyeshwa rekodi ya kipande hicho, na mmweleze chifu na ofisi ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwamba mnaishi hapo.

Faida ipo, hasara pia ipo

Hatusemi wageni hawa wasije. Nyumba ikijengwa, fundi hupata kazi, na baadaye mlinzi, mpishi na mtunza bustani. Mvuvi huuza samaki mlangoni. Lakini bei ya kiwanja ikipanda, kijana wa kijiji hicho hicho hawezi tena kununua pa kujenga. Njia ya kwenda baharini huzibwa kwa ukuta. Na mshahara wa miezi minne hauwezi kulisha nyumba miezi kumi na miwili.

Kati ya kuuza na kukataa kuna njia ya tatu. Familia inayoweza kujenga nyumba ndogo safi inaweza kumpangishia mstaafu kwa msimu, kwa maandishi, na kodi ikarudi kila mwaka huku hati ikibaki sandukuni. Mwanzo wake ni mgumu, kwa kuwa unahitaji mtaji, maji ya uhakika na leseni ya kaunti. Lakini mzee wa miaka 70 anahitaji pa kulala penye joto kwa miaka kumi au kumi na mitano, hahitaji karne nzima.

Kabla ya kumjibu dalali, tunashauri familia iketi na kuulizana maswali manne. Je, hati ni ya nani, na kama ni ya marehemu, mirathi imekamilika? Je, mke au mume na ndugu wote wamekubali? Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Je, wakili anayetuandikia mkataba ni wetu, au ni wa mnunuzi? Na je, pesa zikiisha, tutalala wapi?

Mgeni mwangalifu huja mara mbili tatu, jua na mvua, kabla ya kutia sahihi. Wenyeji nao wana haki ya kuchukua muda uleule. Dalali anayesema "leo au basi" huwa anaharakisha ujira wake, na shamba litakuwepo hata kaskazi ijayo.