Mashine za Utepe na Uhai wa Watoto Wachanga



Tumezoea mno sherehe za kukabidhi vifaa hospitalini. Magari ya wakubwa hufika, kwaya huimba, utepe hukatwa, na mashine mpya hupigwa picha. Kesho yake muuguzi huachiwa mtambo ambao hakuulizwa kama unamfaa. Sisi twasema wazi: mashine isiyoweza kutumiwa kwa usalama na mikono iliyopo ni pambo la siasa, na gharama yake hulipwa na mtoto asiyeweza kusema.

Hatusemi haya kwa dhana. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa Sh38 bilioni: vya upasuaji, vya figo, vya wagonjwa mahututi na vya picha za eksirei. Kila kaunti ilikatwa Sh95 milioni kwa mwaka, baadaye Sh200 milioni, iwe ilihitaji vifaa hivyo au la. Kamati maalumu ya Seneti iliyotoa ripoti mwaka 2020 ilieleza jinsi mikataba ilivyogubikwa na usiri, na jinsi baadhi ya mitambo ilivyokaa bure kwa kukosa wahudumu, umeme au maji.

Sasa tazameni wachanga wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 22 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 21. Katika kipindi hichohicho vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 52 hadi 41. Maana yake ni kwamba nafuu iliyopatikana imewapita wachanga karibu wote.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhitaji joto la mwili la kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Inkubeta hupima joto hilo kwa kidude kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi. Kikibanduka, mashine hudhani mtoto amepoa, nayo huzidisha moto. Kengele inayolia ovyo mchana kutwa huyazoesha masikio kutoisikia, hata siku inapolia kwa haki. Oksijeni ikipungua huua, ikizidi hupofusha: katika miaka ya 1940 na 1950 watoto wapatao 10,000, wengi wao katika nchi tajiri, walipofuka kabla ya madaktari kutambua kwamba hewa iliyokusudiwa kuwaokoa ndiyo iliyowadhuru. Ikiwa wenye mali walikosea hivyo, sisi tutapataje usalama kwa muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima, bila mafunzo na bila fundi?

Njia ipo, tena ni ya Kiafrika. Huko Blantyre, Malawi, mashine sahili ya kusukuma hewa puani, iliyobuniwa kwa hospitali kama zetu, ilijaribiwa kwa wachanga wenye shida ya kupumua. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba asilimia 71 ya waliotumia mashine hiyo walipona, ilhali waliopewa oksijeni ya kawaida walipona asilimia 44. Mwaka 2021, utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulithibitisha kwamba kumweka mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, hupunguza vifo kwa robo. Kifua cha mama hakihitaji vipuri kutoka ng'ambo, lakini kinahitaji kitanda na kiti kando ya mtoto.

Watatuambia kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, tuwaachie wao. Sauti hiyo twaijua. Kabla ya Kifungu 2A kufutwa Desemba 1991, tuliambiwa vivyo hivyo kwamba siasa ni ya chama kimoja. Katiba ya 2010 imejibu: Ibara ya 43 yatupa haki ya afya, ya 35 haki ya habari, na ya 46 yataka huduma bora na salama hata kutoka kwa taasisi za umma. Mkataba wa siri hauwezi kusimama mbele ya ibara hizo.

Tunaandika tukiwa Milimani, Nakuru, ambako wengi wana bima na gari la kumkimbiza mtoto hospitali ya kibinafsi. Mama wa Kaptembwo, wa Njoro au wa Kuresoi hana njia hiyo. Tegemeo lake ni hospitali kuu ya kaunti, ile tuliyoizoea kuiita PGH. Kwa ajili yake twadai:

Kwanza, kila mkataba wa vifaa uchapishwe. Pili, wauguzi wa wodi waujaribu mtambo kabla haujanunuliwa. Tatu, bei ijumuishe mafunzo, vipuri, fundi na umeme wa akiba. Nne, orodha ya mashine mbovu ibandikwe hadharani kila miezi mitatu. Tano, kina mama wapewe nafasi ya kukaa na watoto wao usiku na mchana.

Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania, walimkaidi Farao ili wachanga waishi. Sisi hatuombwi ushujaa wa kiasi hicho. Kamati za haki na amani za parokia na za makanisa yote zihudhurie vikao vya bajeti ya kaunti, zikiwa na madai haya matano mkononi, na mwakilishi wa wadi atakayeyapinga aeleze sababu zake mbele ya waliompigia kura.