Kiharusi: hakuna aliyetuambia

Mhariri,

Mdomo wa mama ulipinda saa moja asubuhi, akinywa uji wa wimbi. Kikombe kilimponyoka, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa ya kukokota. Jirani mmoja alisema ni upepo mbaya. Mwingine alimtaja nyanya wa ng'ambo ya mto kuwa ndiye aliyemroga, nami naona aibu kwamba nilimsikiliza, ilhali sote twajua jinsi wazee wanne wa kike walivyochomwa Marani mwaka 2021 kwa shutuma za uchawi.

Tulimlaza, tukamnywesha uji tena. Saa tano tukafika zahanati, tukaambiwa ni presha, apumzike. Tulipofika mji wa Kisii kupigwa picha ya kichwa, jua lilikuwa linatua. Daktari aliuliza dalili zilianza saa ngapi. Nilipomjibu, alinyamaza. Baadaye ndipo nikaelewa: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Kutoka Gesima hadi Kisii kupitia Keroka si safari ya kutwa. Saa zetu ziliishia nyumbani na kwenye benchi la zahanati.

Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye mashine za kupima presha. Wa kwetu hupita kila boma na kupima kwa bidii. Mbona hakufunzwa kutuambia pia: mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja, ukiona kasoro, tazama saa, tafuta gari? Yasemwe kwa Ekegusii, kwenye baraza la chifu na kituo cha majani chai, ambako tunangoja lori alasiri nzima.

Kilichoniuma zaidi ni siku ya kutoka wodini. Tulipewa bili na karatasi ya dawa, basi. Hakuna aliyetuonyesha kumkalisha wima kabla ya kumlisha, wala kupima kama anaweza kumeza. Hatukujua kwamba mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, au kwamba mkono uliolegea hauvutwi anapoinuliwa. Mama alikuwa anakohoa kila akimeza uji. Tukadhani ni mafua. Wiki ya pili tulimrudisha hospitalini na nimonia, na kidonda cha kulala kiunoni.

Tangu hapo mke wangu nami tunapokezana usiku kumgeuza. Ninachoomba kwa wakuu wa afya ni karatasi moja ya Ekegusii, na muuguzi wa kukaa na familia nusu saa kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Jirani yetu alilazwa juzi kwa kiharusi. Mwanawe amekuja kuniuliza mimi, mkulima wa chai, jinsi ya kumlisha.

Mkulima,
Gesima, Kaunti ya Nyamira