Kijana wa Ndege ya Mabati Hahitaji Makofi

Wasee, tuongee kuhusu ile video. Unaijua tu, hata sihitaji kukutumia. Kuna kijana shambani, amesimama kando ya kitu chenye mabawa ya turubai, kiti cha plastiki na injini ya pikipiki. Kijiji kizima kimefika, watoto wamepanda miti ndio waone vizuri. Anaulizwa itaruka lini, anasema serikali ikimshika mkono itaruka. Halafu inawashwa, inakimbia mita hamsini na kuingia kwa mahindi.

Baada ya hapo sisi huku mtandaoni tuko na majibu mawili tu. Wengine wanamwita jiniasi aliyenyimwa nafasi. Wengine wanamfanya kichekesho hadi wiki iishe. Mimi naona hizi kambi mbili ni kitu kimoja, kwa sababu zote zinataka tu aendelee kuwasha hiyo injini. Na siku moja itapaa kweli, mita thelathini juu, ndio tujue bawa lilikuwa limeshikwa na waya wa kuku.

Kitu hatuambiani ni hiki: watu wanaojenga ndege nyumbani na kuziendesha miaka mingi, wengi wao hawaanzi na mabati na ndoto. Wananunua seti. Kwa Kiingereza inaitwa kit, lakini nikiandika kiti utadhani naongelea viti vya harusi, kwa hivyo tubaki na seti. Kampuni inachora ndege na kuipima, kisha inakuuzia vipande ndani ya masanduku pamoja na kitabu cha maelekezo. Kazi yako ni kupiga ribiti, maelfu yazo, jioni baada ya jioni. Marekani, ndege ya aina hiyo haihesabiwi kuwa ya kujitengenezea kama wewe na wenzako hamjafanya zaidi ya nusu ya kazi. Na ikimalizika hubebi mpenzi wako siku hiyo hiyo. Kwa kawaida unairusha saa 25 au 40 za majaribio kwanza, bila abiria.

Najua kuna mtu anasema hiyo si kuvumbua, hiyo ni kuunganisha kama kabati la dukani. Sawa, tuangalie Sling 2. Ni ndege ya watu wawili ya kampuni moja ya Johannesburg, si ya Wazungu wa mbali huko. Ilipaa mara ya kwanza mwaka 2008. Mwili wa alumini, bawa chini, injini ya Rotax 912 ya nguvu-farasi 100 hivi kutoka Austria, ambayo inakubali petroli ya gari. Inaenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa, yaani Nairobi hadi Mombasa kama saa mbili, bila foleni ya Mlolongo.

Mwaka 2009 aliyeianzisha, Mike Blyth, alipanda hiyo ndege na mwenzake James Pitman wakazunguka nayo dunia nzima. Viti viwili, injini moja, bahari chini. Fikiria hiyo kidogo. Kabla ya kukuambia nunua vipande vyangu ujenge kwa gereji yako, alikaa kwa kiti yeye mwenyewe na kuvuka bahari. Huo ndio uvumbuzi. Umbo la ndege ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kazi kubwa ni ile hakuna mtu hurekodi: kupakia mabawa mifuko ya mchanga uone yanapinda wapi na yanavunjika kwa uzito gani, kutafuta ni kwa kasi gani mkia unaanza kutetemeka, kusogeza kitovu cha uzito mbele na nyuma kidogo kidogo hadi ujue mpaka wa hatari uko wapi. Kijana wa shambani hana hata moja ya hizo. Si kwamba hana akili. Mtu mmoja hawezi kufanya hiyo kazi yote peke yake, akiwa na grinda ya kukopa na jirani anayesema itaruka tu.

Mwaka huo wa 2019 ndio stori iliniingia. Vijana 20 wa Afrika Kusini walichukua seti ya Sling 4, ndugu mkubwa wa hiyo Sling 2, wakaiunganisha kwa wiki tatu chini ya macho ya watu wanaojua kazi. Aliyeanzisha mradi, Megan Werner, alikuwa na miaka 17. Halafu wale waliokuwa na leseni wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, safari ya kama kilomita 12,000, wakipitia Zanzibar na Uganda kati ya vituo vingine. Walitupita hapo kando, manze, na wengi wetu hatukutazama juu.

Kabla hujaanza kulia machozi ya Pan-Afrika, tuwe wakweli. Baba yake Megan ni rubani. Kulikuwa na ndege ya pili ya marubani wakomavu ikiwasindikiza. Kijana wa Kirinyaga ama Kakamega hana baba rubani, ana mjomba fundi wa jiko. Lakini ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kilichowatofautisha na kijana wetu si kipaji. Ni kwamba walikuwa 20 badala ya mmoja, walikuwa na mchoro uliopimwa, na kulikuwa na mtu wa kusema ribiti hii imekaa vibaya, toa, rudia.

Na seti si hirizi, usidhani naiuza. Van's Aircraft ya Oregon imekuwa ikitengeneza ndege hizi tangu miaka ya 70. RV-4 yao ya viti viwili ilipaa mwaka 1979, na zaidi ya ndege 11,000 za familia ya RV zimejengwa na kuruka. Wakongwe kabisa. Lakini walipoanza kukata matundu ya ribiti kwa leza, baadhi ya vipande vikaanza kupata nyufa wajenzi walipokuwa wakivifanyia kazi. Hiyo pamoja na matatizo mengine ya pesa iliwapeleka mahakamani kuomba kinga ya kufilisika Desemba 2023. Walitoka mwaka uliofuata. Mimi sioni aibu hapo. Naona kwamba kila kipande kilikuwa na namba, kila mteja alijulikana, na watu wakaweza kuambiwa: kipande fulani, usikitumie. Bamba lililotoka kwa paa la zizi halina namba. Likipasuka hewani hakuna wa kumpigia simu.

Kwa hivyo KCAA wakimkataza kijana kuruka, tusipige kelele ati wanaua vipaji. Kelele yetu ingefaa ielekezwe kwingine. Tuko na vyuo vya ufundi karibu kila kona ya nchi hii, na wanafunzi wanamaliza kozi ya kuchomelea wakiwa wametengeneza mageti na vitanda vya deka. Vizuri, mageti yanahitajika. Lakini seti moja, chuo kimoja, wanafunzi thelathini, miaka miwili? Ni ghali, ndio, mamilioni ya shilingi, na sijasema kila chuo. Nimesema kimoja. Mimi niliachana na chuo kikuu kwa hivyo sina haja ya kutetea digrii ya mtu, na kitu napenda kuhusu ribiti ni kwamba haiulizi ulipata gredi gani. Inauliza tu kama tundu limenyooka. Wakimaliza wauze hiyo ndege, wanunue seti nyingine.

Kwa wenzangu wa kamera, maana najua mko hapa: mwezi huu ama ujao mtu atawapigia kuwaambia kuna kijana ametengeneza ndege, njooni mapema kuna watu wengi. Nendeni, stori ni stori. Lakini kabla hajawasha, muulize uzito wake ni kilo ngapi, na amepima na nini. Muulize kitovu cha uzito kiko wapi. Muulize ni nani mwingine, asiye rafiki yake, amekagua mabawa. Akikosa majibu, mrekodi akielezea alivyochomelea, mpe hata dakika kumi, mwonyeshe mikono yake na vifaa vyake. Halafu ziba kamera na umwambie hadharani, mbele ya hao watu wote, kwamba leo hauna haja ya kuona ikiruka.