Mashini Haiimbi Peke Yake

Ndugu wanafunzi, wamoja kati yetu wanasema muziki ya mashini ni kazi ya wavivu. Mimi nakataa. Mwaka 1977 ulitoka wimbo «I Feel Love» wa Donna Summer. Mwitalia Giorgio Moroder aliutengeneza na Pete Bellotte kule Munich, Ujerumani. Karibu sauti zote za vyombo zilitoka katika sintetiza ya Moog. Lakini ile mashini ilipoteza tuni kila mara. Walipashwa kuipanga tena na tena. Ngoma kubwa ilishindwa kuitoa vizuri, Keith Forsey akaipiga mwenyewe. Na Donna alianza kuimba kanisani, kule Boston. Moroder alipata Oscar tatu, 1979, 1984 na 1987. Basi anayetafuta mashini sababu ya kukimbia mazoezi, anajidanganya. Na anayeicheka, hajaona jasho yake.