Ukiletewa Notisi ya Picha, Usikimbilie Kufuta



Kuna kijana wetu hapa Kakamega alipiga picha za uzio uliosogezwa hadi ndani ya kiwanja cha makaburi. Akaziposti. Watu wakaanza kuuliza maswali. Siku ya tatu akaletewa notisi, eti picha ni mali ya mtu mwingine na ametumia kazi ya wenyewe bila ruhusa. Na alizipiga yeye mwenyewe, kwa simu yake! Lakini akiona neno "hakimiliki" na neno "sheria", moyo ukamruka. Akafuta posti, akafuta na picha zote kwenye simu. Tulipoenda kwa chifu tukaulizwa ushahidi uko wapi. Tukabaki kuangaliana tu.

Hatumlaumu. Tunajilaumu sisi, maana hatukuwaambia mapema kwamba notisi si hukumu. Ni madai ya mtu, na madai hujibiwa.

Mbinu hii si ngeni. Desemba 2021, Twitter ilitangaza kwamba imeondoa akaunti 268 zilizotumika kupeleka malalamiko ya uongo dhidi ya wanachama na wafuasi wa Fichua Tanzania, kundi la kutetea haki za binadamu, pamoja na mwanzilishi wake. Ujanja ulikuwa huu: maneno na picha za wanaharakati zinanakiliwa kwenye blogu, zinawekwa tarehe ya nyuma, halafu mwenye blogu analia kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. Mwizi ndiye anapiga kelele za mwizi.

Sasa sheria yetu inasemaje? Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, picha ni ya aliyeipiga, hata kama hajaisajili KECOBO. Ila ukiwa umeagizwa kazi hiyo, au umeipiga ukiwa kazini umeajiriwa, haki huhamia kwa aliyekuagiza au mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine.

Marekebisho ya 2019 yakaeleza njia ya kuondoa kazi mtandaoni. Anayelalamika lazima aandike, ajitaje kwa majina, aeleze ni kazi gani, na aambatanishe kiapo au tamko kwamba ni yake. Kampuni inayohifadhi ikupe nakala ya notisi hiyo. Una saa 48 za kazi za kuleta notisi yako ya kupinga. Ukinyamaza, picha inaondolewa. Na kupeleka notisi ya uongo ni kosa la jinai, iwe ni ya kulalamika au ya kupinga. Mitandao mikubwa ya Marekani ina sheria yake ya 1998, lakini hata huko kuna njia ya kupinga.

Kwa hivyo fanyeni haya. Wekeni picha asili, ile iliyotoka kwenye kamera. Usitegemee iliyopitia WhatsApp, maana ile imebanwa na taarifa za saa na mahali zimepotea. Ukipata notisi, isome: nani analalamika, na ni picha gani? Piga skrinishoti. Kisha tafuta wakili au tupigie sisi kabla hujagusa kitufe cha kufuta.

Lakini tusijitetee kwa uongo. Wangapi kati yetu tumechukua picha ya mtu tukaiweka kwenye bango la Idd bila hata kumuuliza? Sheria inaruhusu kutumia kazi ya mwingine kuripoti habari za sasa, bora umtaje mwenyewe. Bango si habari. Yule kijana wa studio hapo mjini anakula kwa kamera yake. Akilalamika, ondoa, omba radhi, mlipe. Hiyo ni amana, na dini yetu haituruhusu kuchezea jasho la mtu.

Tena kuna jambo dada zetu hutuuliza sana: "Wameposti picha yangu ya harusini bila ruhusa, nifanyeje?" Hapo usiseme hakimiliki, kwa sababu hukuipiga wewe. Shika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Roma School ya Uthiru ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kumbe mlango upo, tubishe.

Kijana wetu amerudi makaburini na simu. Safari hii picha ziko mahali patatu, na notisi ikija, jibu litakuwa tayari.

Wabillahi taufiq.