Vanishi ya picha ni vazi, si ngozi

Tangu sanaa ipewe mkondo wake katika sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi, swali moja limekuwa likinifikia mara kwa mara kutoka kwa walimu na wanafunzi wa huku kwetu Junju: je, picha iliyokwisha kuchorwa kwa rangi za mafuta ipakwe vanishi ya aina gani? Yamkini msomaji ataliona swali hili kuwa dogo, likilinganishwa na uhaba wa madawati na karo. Mimi naliona kubwa, kwa sababu jibu baya huiharibu kazi ya mtoto kabla mtoto mwenyewe hajamaliza shule.

Jibu ninalolisikia likitolewa kwa fahari ni kwamba tutumie sandarusi, utomvu wa pwani yetu, kwa kuwa ni mgumu na hudumu. Wengine, wasioipata sandarusi, hununua mkebe wowote wa vanishi ya samani katika duka la vifaa vya ujenzi. Nadai kwamba majibu haya mawili yana kosa moja: yanatafuta vanishi isiyotoka, ilhali picha inahitaji vanishi itakayokubali kutoka.

Mgala muue na haki umpe. Sandarusi ina historia ambayo kila mwanafunzi wa pwani angestahili kuijua. Hutoka kwa msandarusi, mti wa misitu ya pwani kuanzia Kenya hadi Msumbiji na Madagaska, ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa. Iliyosifika sokoni haikuwa ile inayochuruzika mtini, bali iliyochimbwa ardhini, mahali ambapo misandarusi ilikufa zamani na utomvu wake ukazikwa hadi ukawa mgumu kama jiwe. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Unguja katika miaka ya 1850, aliandika kwamba utomvu mbichi wa mtini uliitwa chakazi, na kwamba wafanyabiashara wa kigeni waliliboronga neno hilo wakalifanya jackass, yaani punda dume. Baada ya Seyyid Said kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, meli za mji wa Salem, Massachusetts, zilibeba sandarusi kwa wingi. Ilisafishwa huko, kisha ikauzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Magari ya farasi na samani za matajiri wa ng'ambo zikametameta kwa jasho la wachimbaji wa Mrima.

Hata hivyo, ugumu huo uliosifiwa kwa magari ya farasi ndio unaoifanya sandarusi isifae juu ya picha. Sandarusi ya kuchimbwa haiyeyuki katika tapentaini ikiwa vivi hivi. Sharti kwanza iyeyushwe kwa moto mkali wa nyuzi 300 za selsiasi au zaidi, ndipo ichanganywe na mafuta ya kitani. Mafuta hayo hukauka kwa kushikana na oksijeni ya hewani, sawasawa na yanavyokauka mafuta yaliyomo ndani ya rangi za picha. Kwa hiyo vanishi na rangi huwa watu wa ukoo mmoja. Miaka ipitapo, vanishi hiyo hugeuka kuwa na rangi ya asali, kisha ya kahawa. Atakayetaka kuiondoa atahitaji kiyeyusho kikali, na kiyeyusho kitakachoila vanishi kitaila na rangi iliyo chini yake.

Mimi huwaambia wanafunzi hivi: vanishi ya mlango ni ngozi, lakini vanishi ya picha ni vazi. Ngozi haivuliwi. Vazi huchafuka badala ya mwili, likavuliwa, likavaliwa jingine. Picha iliyoko pwani hupigwa na upepo wa bahari wenye chumvi, moshi wa kuni, vumbi na uchafu wa nzi. Afadhali hayo yote yatue juu ya vazi.

Mfano ulio mashuhuri ni picha ya Rembrandt iliyoko Amsterdam, iliyokamilika mwaka 1642. Vanishi zake zilikuwa zimefifia na kuwa nyeusi hata watu wakaipa jina la Zamu ya Usiku, wakidhani kwamba mchoraji alichora giza. Iliposafishwa baada ya Vita Vikuu vya Pili, ilibainika kwamba askari wale walisimama katika mwanga wa mchana. Mwaka 1990 mtu mmoja aliimwagia asidi. Walinzi waliwahi kuimwagia maji, na asidi ikaishia kwenye vanishi bila kuifikia rangi. Kama lile lingekuwa koti lisilovulika, hasara ingebaki milele.

Huku kwetu hasara hubaki. Nimeona katika shule moja, ambayo sitaitaja, picha za wanafunzi zilizopakwa vanishi ya samani wiki tatu tu baada ya kuchorwa, ili ziwahi maonyesho. Siku ya maonyesho ziling'aa na wazazi wakapiga makofi. Mwaka uliofuata, samawati ya bahari ilikuwa imegeuka kijani kibivu, rangi zilizopakwa nene zilikuwa zimepasuka, na vumbi lilikuwa limenasa kama nzi kwenye ulimbo. Msichana aliyechora mojawapo aliniuliza kama inaweza kuoshwa. Nilimwambia kwamba haiwezi. Hilo si jibu ambalo mwalimu yeyote angependa kumpa mtoto.

Basi tufanyeje? Kwanza, tungoje. Rangi ya mafuta iliyopakwa nyembamba hukaa miezi kadhaa kabla ya kukauka hadi ndani, na iliyopakwa nene huhitaji mwaka au zaidi. Kitambaa cheupe kilicholoweshwa tapentaini kidogo kisuguliwe taratibu pembeni mwa picha, na kikitoka na rangi, wakati haujafika. Pili, tutumie utomvu laini. Damari, itokayo kwenye miti ya Kusini-Mashariki mwa Asia, na mastiki ya kisiwa cha Chios huko Ugiriki, huyeyuka katika tapentaini bila kupikwa na bila mafuta. Chembe za damari hufungwa katika kitambaa chepesi, zikaning'inizwa ndani ya chupa ya tapentaini halisi ya msonobari. Spiriti ya petroli itumiwayo kusafishia brashi haiziyeyushi vizuri. Damari nayo hugeuka manjano baada ya miaka mingi, sikatai, lakini huvuliwa kwa viyeyusho vilivyo laini zaidi. Anayeweza kupata vanishi za kisasa za maabara, ambazo hubaki angavu kwa muda mrefu zaidi, na azitumie.

Tatu, tuchague majira. Vanishi ya utomvu ikipakwa katika hewa yenye unyevu huota ukungu mweupe usoni. Kwa hiyo asipake mtu wakati wa masika. Kazi hii ingoje kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, jua likiwa limekwisha kukausha umande, na chumba kiwe hakina vumbi.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa kwamba wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwamba ninawafundisha watoto kudharau cha kwao na kununua cha Asia. Hoja hii ina uzito, kwani kwa miaka mingi tuliuza utomvu kwa bei ya utomvu na kununua vanishi kwa bei ya vanishi. Lakini kukipenda kitu ni kukijua, na kukijua ni kufahamu mahali pake. Sandarusi ina mahali pake kwenye mlango, kwenye kasha na kwenye meza. Mahali pake pakubwa zaidi ni darasani. Mwalimu wa kemia aieleze, mwalimu wa historia aisimulie, mwalimu wa biolojia awapeleke wanafunzi kuutazama msandarusi penye msandarusi. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, nasi tukiendelea kugeuza misitu yetu ya pwani kuwa makaa, sandarusi itabaki neno la kamusi tu.

Shime, walimu! Mwanafunzi akimaliza picha yake, mwandikieni nyuma ya turubai tarehe aliyomaliza, na siku ya vanishi ikifika, mwandikieni pia ni vanishi ya aina gani. Hilo halihitaji fedha wala kibali cha wizara. Atakayeisafisha picha hiyo miaka 50 ijayo, awe mjukuu wake au mtunzaji wa makumbusho, atajua anavua vazi gani.