Mjengo wa Desemba: Sakafu Inang'aa, Mama Anashika Ukuta

Wadau wa Kagera, hii sinema mnaijua. Ikifika wiki ya pili ya Desemba mabasi ya kutoka Dar yanajaa, barabara ya Biharamulo kuja Muleba inajaa magari ya kukodi, na mtandaoni zinaanza kushuka video za mijengo. Mara Kamachumu, mara Nshamba, mara Bukoba mjini. Staa anaingia sebuleni simu mkononi, anavua viatu kwa madoido, kamera inashuka chini polepole. Sakafu ya epoksi! Inang'aa kama kioo, ndani yake kuna vikokoto vya rangi au picha ya pomboo wanaruka baharini. Na dirishani nyuma yake Ziwa Victoria lenyewe limelala pale, la bure kabisa, hakuna anayelipiga picha.

Komenti zinamiminika. Moto, makopa, "hongera sana", "Mungu fundi". Mama mwenye nyumba anaonekana sekunde tatu tu, amekaa kwenye ncha ya kochi, anasema "kasinge waitu" na kutabasamu. Video imeisha.

Kinachofuata hakipostiwi. Januari watoto wakisharudi Dar, mama anatoa mikeka na khanga kuukuu, anazitandika kutoka mlango wa mbele mpaka jikoni, maana mvua ikinyesha na miguu ikiwa na maji, ile sakafu inateleza kama mlenda. Mtu wa miaka 70 anatembea ndani ya nyumba yake mwenyewe akishika ukuta. Kwa umri huo, kuanguka na kuvunjika nyonga ni safari ya hospitali ambayo wengine hawarudi nayo vizuri. Hapo hakuna kiki wala nini.

Kabla wenye maneno yao hawajaanza na "wivu huo", tuelewane. Epoksi si takataka. Karakana, stoo, zahanati, duka lenye watu wengi, huko ni mali safi: haina maungio ya kukusanya uchafu, mafuta hayaingii, unapiga deki mara moja umemaliza. Tatizo ni staa anayepewa punguzo ili aitangaze, na fundi aliyejifunza kwa video mbili, wote wanaiuza kama vile Bukoba ni Dubai.

Bukoba si Dubai. Bukoba inapata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma inapata kama 600. Hewa ya ziwani ina unyevu, ardhi ina unyevu. Na epoksi adui yake namba moja ni unyevu. Maji yaliyo chini ya jamvi hupanda kupitia zege, yakifika juu yanakuta ganda lisilopitisha kitu, yanasukuma. Ndiyo yale malengelenge unayoyaona baada ya miezi michache, kisha ganda linabanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Fundi ukimpigia anasema "ni zege lako hilo bosi". Kweli ni zege, lakini kazi ya kulipima ilikuwa ya nani?

Na kupima kwenyewe hakuhitaji mashine ya Ulaya. Unachukua kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, unakibandika sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote, unakiacha saa 16 au zaidi. Ukikifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi, hapo hakuna epoksi. Kama nyumba ndiyo kwanza inajengwa, hakikisha nailoni nzito imetandikwa chini kabla jamvi halijamwagwa. Fundi ambaye hajui habari hizi mbili mpe nauli arudi kwao.

Sasa angalia kalenda, ndiyo hapo kichekesho kinapokuwa kilio. Zege jipya linatakiwa kukaa siku 28 angalau kabla ya kupakwa epoksi. Mijengo mingi ya Krismasi jamvi linamwagwa Novemba mwishoni, watu wako bize na senene, na tarehe 18 Desemba fundi ameshafungua makopo, kwa sababu bosi anatua tarehe 20. Tena ni msimu wa mvua za vuli! Hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 85, epoksi inaganda vibaya, juu inafanya utando mweupe wa kunatanata. Ukiona sebule ya mtu ina mabaka kama maziwa yamemwagika, usiulize ni disaini gani. Ni haraka tu.

Halafu kuna kuchanganya. Epoksi ni makopo mawili, moja la gundi na moja la kigumishi, na uwiano umeandikwa kwenye kopo. Anayekadiria kwa macho kama anayetia chumvi kwenye mboga anakuachia sehemu ngumu na sehemu inayobonyea milele. Kile kigumishi kinachubua ngozi na kuleta mzio, lakini kwenye video za promo kijana anakoroga mikono mitupu, hana glavu wala barakoa, na mamia wana-like.

Jua nalo halijatajwa. Epoksi ya kawaida ikipigwa na jua inageuka njano. Ile "nyeupe ya maziwa" iliyo mbele ya dirisha kubwa la kioo, mwaka ukiisha ni rangi ya samli. Ukitaka rangi idumu unahitaji tabaka la juu la poliurethani linalohimili jua, na hiyo ni gharama nyingine ambayo staa haisemi kwenye posti.

Njoo jikoni. Nyumba ya Mhaya inapika ndizi. Sufuria inatoka motoni inatua chini, watu wanakaa kwenye mkeka wanakula. Epoksi nyingi za kawaida zinaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na sufuria ya matoke iko karibu na 100. Alama inabaki. Kwa hiyo mama anaambiwa asiweke sufuria chini, asiburute kiti, asiingie na viatu vyenye udongo wenye changarawe maana inachubuka. Nyumba kajengewa nani hapo, yeye au kamera?

Mababu waliojenga msonge walitandika nyasi sakafuni. Zikichakaa zinatolewa, zinawekwa mpya. Miguu ilipata joto, na mtoto akianguka haumii. Hakuna anayesema turudi kwenye nyasi. Lakini waliitengeneza sakafu wakimfikiria mtu atakayeikalia, na hilo ndilo limepotea.

Na kuna jambo zito zaidi. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa, maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka, Hamugembe ikalia, sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Miaka haijapita mingi, na tayari kuna watu wanabana nondo za lenta, wanapunguza saruji kwenye msingi, ili pesa itoshe sakafu ya pomboo. Tena epoksi imeshikana na zege: zege likipasuka, ufa unatokea juu, katikati ya pomboo. Nondo haipigwi picha, ni kweli. Ila usiku ardhi ikitikisika, ndiyo itakayomlinda mama.

Basi anayetaka kweli afanyeje? Kwanza msingi, nguzo na lenta, halafu ndiyo sakafu. Ndani, sakafu ya saruji iliyopigwa niru nyekundu vizuri, au terazo, au vigae visivyong'aa, inatosha kabisa, na ikiharibika fundi wa Muleba anaitengeneza asubuhi bila kusubiri kopo kutoka Dar. Kama roho inataka mawe ya epoksi, yaweke barazani: vikokoto vilivyoshikwa na gundi inayohimili jua, juu ya zege lenye mteremko, maji yanapita katikati ya mawe na mguu haukosi pa kushika. Jikoni hapana, mafuta na makombo yakiingia kwenye vile vitundu hayatoki. Na ukiamua kuweka epoksi sebuleni, fanya Julai kwenye ukavu, zege lisuguliwe kwa mashine mpaka libanduke ule utelezi wa juu, na tabaka la mwisho litiwe mchanga laini lisiteleze. Haitang'aa sana kwenye kamera. Ndiyo maana yake.

Na nyie mastaa wa Desemba, mnaojulikana hata bila kutajwa: mwaka huu pigeni ile video halafu rudini Machi, mvua za masika zikiwa zimekolea, mpige nyingine. Sakafu ile ile, mama yule yule, anatoka chumbani kwenda jikoni saa 12 asubuhi, ndoo mkononi, mikeka ikiwa imeondolewa. Mtupostie hiyo, bila kukata.